Maji Mazuri na Wenzake: Vijiji vya Mbao na Reli Visivyo na Mwenyewe

Jumapili ya tarehe 2 Julai 2023, Rais William Ruto alisimama Molo, kaunti ya Nakuru, akatangaza kwamba marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyoanza Februari 2018, imefika mwisho. Alisema ni upumbavu kuacha miti iliyokomaa ioze msituni ilhali wananchi wanahangaika. Wiki chache baadaye Chama cha Mawakili kilikuwa kortini, na amri ya kusimamisha uamuzi huo ikatolewa. Tangu hapo ngoma ni ileile: wanamazingira upande huu, wenye viwanda vya mbao upande ule, na kila upande unawasemea watu wa Molo, Elburgon, Maji Mazuri, Timboroa na Ainabkoi kana kwamba wao wenyewe hawana midomo.

Swali ambalo sijasikia likiulizwa ni hili: inakuwaje eneo zima lilale njaa kwa sababu ya tangazo moja kuhusu miti? Mkulima wa Nyandarua bei ya viazi ikianguka atalia, lakini bado ana shamba, ana ng'ombe, na benki itamsikiliza. Mpasua mbao wa Maji Mazuri mashine ikizimwa hana kitu. Hata mahali anapolala si pake. Wanaosema ni uvivu, au ni utegemezi wa misaada, hawajui wanachosema. Hali hii ilitengenezwa kwa makusudi, na wengi wa walioitengeneza waliacha nyaraka zinazoonyesha walikuwa wakifikiria nini.

Tuanze na reli, maana bila reli kusingekuwa na viwanda vya mbao kule juu.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Kati ya Nakuru na Kisumu ilibidi ipande Mau, zaidi ya futi 8,000 juu ya usawa wa bahari, kisha iteremke upande wa magharibi kwa madaraja 27 ya chuma yaliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Njiani ilipasua msitu mkubwa: mierezi ambayo Wamaasai na Wakalenjin huita tarakwa, podo, mizeituni ya mwituni, na juu zaidi mianzi. Njoro, Elburgon, Turi, Molo, Londiani: haya yote ni majina ya stesheni kabla hayajawa majina ya miji.

Watu wengi hudhani reli ilikula msitu kwa ajili ya mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli. Si kweli. Mataruma mengi ya reli hiyo yalikuwa ya chuma, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hauachi mti salama ardhini. Kilichokula msitu ni tumbo la garimoshi. Kwa miongo kadhaa injini zilikwenda kwa kuni. Kila baada ya umbali fulani palikuwa na rundo la kuni kando ya reli, na nyuma ya kila rundo kulikuwa na mkandarasi, mara nyingi Mhindi, na nyuma ya mkandarasi vijana wenye mashoka waliolala kwenye vibanda vya nyasi. Hao ndio wakazi wa kwanza wa vijiji vyetu vya mbao. Hakuna aliyewapa kiwanja. Kuni zikiisha hapa, rundo lilihamia pale, na watu wakalifuata.

Idara ya Misitu iliundwa mwaka 1902, na tangu mapema kabisa sheria za misitu zilijali zaidi ule ukanda wa kando ya reli. Mkoloni hakuanza kuhifadhi misitu kwa kupenda mvua. Alianza kwa kuhofia injini kukosa kuni. Nasema hivi bila kejeli. Ni busara ya mwenye gari anayehesabu mafuta. Lakini ina maana kwamba tangu siku ya kwanza msitu ulikuwa stoo ya reli, na aliyeishi ndani yake, Mwogiek, mtu wa jamii ya wawindaji na warina asali wa Mau, aliyekuwa na mizinga yake hapo kabla chuma cha kwanza hakijashushwa Kilindini, akahesabiwa kama mtu aliyejipenyeza stoo.

Sasa ingia Ewart Grogan. Mwingereza huyu alijipatia sifa kwa kusafiri, sehemu kubwa kwa miguu, kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900. Mwaka 1904 alifika Afrika Mashariki na kushirikiana na Lingham, mfanyabiashara wa mbao kutoka Canada. Wakaomba, na wakapewa, haki ya kuvuna makumi ya maelfu ya ekari za msitu wa Lembus, upande wa Eldama Ravine. Mkataba ulivutwa huku na kule kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kukamilika mwaka 1916, na kila ulipovutwa masharti yalizidi kumnyookea Grogan. Mbao zilihitaji bandari, na kwa hivyo akapata pia ardhi ya ufukweni Mbaraki, Mombasa. Gati alilolijenga hapo serikali ilikuja kulinunua. Ndiye Grogan huyohuyo aliyewachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, hakimu akishuhudia, na akafungwa kifungo cha mwezi mmoja tu. Mtu wa namna hiyo ukimpa msitu, usitarajie atauliza vibarua wake watazikwa wapi.

Kampuni iliyokuja kuuvuna msitu ule iliitwa Equator Saw Mills, na kiwanda chake kikuu kilikuwa Maji Mazuri. Tatizo lilikuwa usafiri. Reli ya Kisumu ilipita kusini, mbali na miti bora. Gogo la mwerezi au podo lililokatwa Lembus lilipaswa kuburutwa kwa minyororo na ng'ombe, na barabara za kule wakati wa masika si barabara, ni uji. Miti ilikuwepo, leseni ilikuwepo, soko lilikuwepo: mbao za kujengea nyumba za walowezi, na vipande vya mwerezi vya kutengenezea penseli ng'ambo. Kilichokosekana ni reli.

Reli ikaja. Walowezi wa Uasin Gishu, wakiwemo makaburu waliopanda na magari ya ng'ombe mwaka 1908, walikuwa wakilia kwamba mahindi na ngano yao yanaharibika njiani kutoka Eldoret hadi stesheni ya Londiani. Mji wenyewe siku hizo uliitwa 64, kwa namba ya shamba ulipojengwa, na vibarua wakaugeuza kuwa Sisibo. Serikali iliamua kuwajengea reli. Njia mbili zilifikirika: kuanzia Londiani, au kuanzia Nakuru na kupanda kupitia Rongai. Ikachaguliwa ya Nakuru. Ukiitazama ramani utaona inapopita: Rongai, Maji Mazuri, Equator, Timboroa, Ainabkoi, kisha Eldoret. Ilipita moja kwa moja ndani ya msitu wa Grogan.

Kwa hilo kelele zilipigwa hata na wazungu wenzao. McGregor Ross, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa Kazi za Umma katika koloni hilo, aliishambulia reli ya Uasin Gishu kwa ukali, kuhusu gharama yake na kuhusu wanufaika wake. Watetezi wa reli hiyo walijibu kwamba njia ya Nakuru ilikuwa afadhali kihandisi, na kwamba ilikusudiwa kuendelea hadi Uganda, na kweli iliendelea: Eldoret mwaka 1924, Kampala mwaka 1931. Mimi sioni sababu ya kuchagua kati ya maelezo haya mawili. Njia inaweza kuwa nzuri kwa wahandisi na tamu kwa Grogan kwa wakati mmoja. Mamlaka ya kikoloni ilifanya kazi hivyo siku zote. Haikuhitaji njama wakati masilahi yalikuwa yakilala chumba kimoja.

Kihandisi, lazima nikiri, ile reli ni kazi ya kuvulia kofia. Karibu na Makutano inajizungusha kama nyoka hadi ipite juu yake yenyewe, ili ipate kupanda bila injini kuteleza. Karibu na Timboroa inafika futi 9,136, na hakuna reli nyingine katika dola nzima ya Uingereza iliyofika juu kiasi hicho. Baridi ya hapo wanaijua waliowahi kushuka usiku kwenye stesheni ya Timboroa wakiwa wamevaa shati la Mombasa. Na katika miteremko hiyo, kila palipokuwa na maji ya injini, kuni na kipande cha ardhi tambarare cha kutosha reli ya kupishania, palichipuka kijiji.

Kijiji cha namna gani? Hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Kulikuwa na stesheni, na nyuma yake landhi za wafanyakazi wa reli: vyumba vya mstari, kila familia chumba. Kulikuwa na kiwanda, na king'ora chake ndicho kilichokuwa saa ya kijiji. Kuzunguka kiwanda kulikuwa na nyumba za mabanzi, yale makombo ya nje ya gogo yanayobaki na magamba yake baada ya msumeno kutoa mbao nzuri. Mpaka leo Elburgon na Molo zina mitaa ya nyumba hizo, nyeusi kwa moshi na mvua, na mgeni hudhani ni mtindo wa wenyeji. Si mtindo. Ni kwamba mjenzi hakuruhusiwa kutumia mbao alizopasua. Kulikuwa na duka, la Mhindi kwa kawaida, na mafundi wa mashine mara nyingi walikuwa Masingasinga, maana wengi wa wenye viwanda vidogo vya baadaye walitoka katika jamii hiyo. Kulikuwa na kambi ya Idara ya Misitu upande wa pili wa reli. Na kulikuwa na watu: Wakikuyu waliokosa ardhi Kiambu na Nyeri, Waluhya, Waluo, Wakisii, Wakipsigis. Karibu wote walifukuzwa nyumbani na kodi ya kichwa au na uchache wa ardhi, wakiwa na kipande, kile kitambulisho cha kibarua cha kikoloni, shingoni tangu mwaka 1919 na kuendelea.

Hesabu wenye ardhi hapo. Ukanda wa njia na stesheni ni wa reli. Kiwanda na nyumba za mabanzi viko ndani ya leseni ya kampuni. Msitu ni wa Idara. Duka liko kwenye kiwanja cha kupanga. Ukimaliza hesabu unakuta wakazi mamia kwa mamia na hakuna hata mmoja anayemiliki mita moja ya mahali anapoishi. Wala si kwamba mtu alisahau kuwapa. Sheria ya Wakazi Wenyeji ya mwaka 1918 ilisema waziwazi kwamba Mwafrika katika shamba la mzungu yuko pale kama kibarua, kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, si kama mpangaji. Kazi ikiisha, haki ya kukaa imeisha.

Idara ya Misitu ilikuwa na njia yake, ya ujanja zaidi. Mwaka 1910 ilianzisha utaratibu ambao Wakenya wote tunauita mfumo wa shamba. Mfanyakazi wa msitu anapewa eneo lililokwisha kuvunwa. Anafyeka, anapanda mahindi, maharagwe, viazi. Katikati ya mimea yake inapandwa miche ya saipresi au paini. Anapolima chakula chake anaipalilia miche ya serikali bure. Baada ya miaka mitatu hivi, miti imefunga kivuli, mahindi hayaoti tena, na anahamishiwa kipande kingine. Kwa upande wa upanzi wa miti, ni mfumo wa ajabu kwa ufanisi wake. Sehemu kubwa ya saipresi iliyotujengea mapaa nchini ilipaliliwa hivyo, kwa jembe la mwanamke aliyekuwa akitafuta viazi vya jioni. Na kwa upande wa haki ya ardhi ni mashine kamili ya kumfanya mtu alime maisha yake yote bila kuzeeka mahali pamoja. Mtoto aliyezaliwa katika kijiji cha msitu angeweza kuonyesha mashamba manne au matano ya wazazi wake, yote yakiwa chini ya miti.

Mtu anaweza kuniambia: ndivyo ilivyokuwa kila mahali, zama zilikuwa zama. La. Katika msitu uleule wa Lembus kuna ushahidi kwamba ingeweza kuwa vingine.

Watugen wa Lembus, na baadhi ya Wakeiyo na Waogiek, walikuwa wakilisha na kulima katika vichaka vya msitu ule kabla ya Grogan kusikia jina lake. Walipoona msitu umetolewa kwa leseni, walikataa kunyamaza. Waliendelea kuchunga, wakaendelea kulalamika, na kwa kuwa maafisa wa Baringo na Idara ya Misitu hawakuelewana wenyewe kwa wenyewe, suala likapanda hadi kwa gavana. Mwaka 1923 Gavana Robert Coryndon alitoa tamko lililoandika nani ana haki gani Lembus: kulisha, kuokota kuni, kulima. Haki hizo zilikuwa finyu, zilizungushiwa masharti, na Idara ilitumia miaka 40 iliyofuata kujaribu kuzipunguza. Wakeiyo waliokosa kutambuliwa vya kutosha walifikisha kilio chao mbele ya Tume ya Ardhi ya mwaka 1932. Lakini zilikuwa zimeandikwa. Na kwa sababu zilikuwa zimeandikwa, wazee wa Lembus miaka ya 1950 waliweza kusimama mbele ya mkuu wa wilaya na kusema: tamko lenu lenyewe linasema hivi.

Kwa hiyo katika msitu mmoja, kando ya reli moja, kulikuwa na makundi mawili. Moja lilikuwa na karatasi. Lingine, la wapasua mbao, wafyeka njia na wapalilia saipresi, lilikuwa na ajira. Karatasi, hata ile iliyoandikwa na gavana wa kikoloni kwa shingo upande, imedumu kuliko ajira.

Jinsi ajira ilivyokuwa nyepesi ilionekana mwaka 1952 na 1953. Hali ya hatari ilipotangazwa, Wakikuyu walikusanywa kutoka mashambani, viwandani na vijiji vya misitu vya Bonde la Ufa, wakapakiwa kwenye malori na mabehewa, wakarudishwa kwenye maeneo waliyokuwa wameyaacha miaka 20 au 30 nyuma, wengine wakiwa na watoto ambao hawajawahi kuiona Kiambu. Nafasi zao zikajazwa na watu wengine. Wale waliorudi baadaye wakakuta vyumba vyao vina wenyewe. Sitaki kusema kwamba kila damu iliyomwagika Molo mwaka 1992 na tena 2007 na 2008 ilitoka kwenye chemchemi hiyo moja, maana wanasiasa walikuwa na kiberiti chao. Ila mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuwa na haki iliyoandikwa ya kuwapo, ni rahisi sana mtu mmoja kumwambia mwenzake kwamba hapa si kwenu. Na mwenzake hana cha kumwonyesha.

Uhuru ulipokuja, mkoloni aliondoka na mashine ikabaki. Mfumo wa shamba uliendelea. Viwanda vikabadilisha mikono, vingine vikakua, na Elburgon ikawa mji wa mbao unaojulikana nchi nzima. Injini zilikwisha kuacha kuni na kutumia mafuta, kwa hivyo reli haikuhitaji tena msitu, ila msitu bado uliihitaji reli kwa miaka kadhaa, mpaka malori yalipoichukua kazi hiyo. Baada ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, stesheni ndogo zilianza kufa moja moja. Treni ya abiria ikapungua, ikakatika. Landhi zikabaki na wastaafu na watoto wao, wakikaa kama wageni katika nyumba walizozaliwa.

Kisha pigo la mwaka 1987. Serikali ilipiga marufuku mfumo wa shamba, kwa hoja kwamba unatumiwa vibaya kuharibu misitu, na kwa kiasi hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Wakazi wa vijiji vya misitu wakatolewa. Walikwenda wapi? Walisogea mpaka pale walipoweza kusimama bila kufukuzwa siku hiyohiyo, kando ya barabara, kando ya reli, kwenye vituo vya biashara vya mabanzi. Hiyo ndiyo Maji Mazuri, na hiyo ndiyo mitaa ya pembezoni ya Elburgon na Londiani tunayoiona leo. Wengi wa tunaowaita maskwota wa kando ya reli ni wafanyakazi wa serikali wa zamani, na wajukuu wao.

Marufuku ya kukata miti ya mwaka 1999 iliongeza chumvi kwenye kidonda kwa sababu iliviacha viwanda vichache vikubwa viendelee kuvuna na kuvifungia vidogo. Ile ya 2018 ilivifungia vyote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilileta vyama vya jamii vya misitu, na kilimo cha katikati ya miche kikarudi kwa jina jipya na fomu mpya. Ni afadhali. Lakini fomu inampa mtu haki ya kupalilia, na bado haimpi mahali pa kulala.

Nchi jirani inayo mifano yake pia. Kule Usambara, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa kampuni ya Wilkins na Wiese walijenga njia ya nyaya kutoka Shume, juu mlimani, hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga, ili kushusha mwerezi uleule tunaousema hapa. Mtindo haukuwa wa Grogan peke yake. Mtaji, mti, reli, na kambi ya watu ambao mkataba haukuwataja ndio utaratibu wa zama zile, kwa lugha yoyote ya Ulaya.

Nakuja sasa kwenye pingamizi ambalo ni zito kweli. Wapo watakaosema: ukianza kugawa hati karibu na misitu, utaumaliza msitu. Wana sababu ya kuogopa. Mwaka 2001 serikali ilichora upya mipaka na kutoa karibu hekta 67,000 za misitu, sehemu kubwa ikiwa Mau. Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha ardhi ya umma ilivyogawiwa kiholela, na katika Mau majina makubwa hayakukosekana miongoni mwa waliofaidika. Mito ya Mara, Sondu na Njoro inalipa deni hilo mpaka sasa. Wala Waogiek, ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa ushindi dhidi ya serikali tarehe 26 Mei 2017 na kuwaamulia fidia mwaka 2022, hawajaona utekelezaji unaolingana na hukumu. Mwenye haki ya kwanza bado anasubiri. Mtu mwenye akili timamu hawezi kupendekeza msitu ukatwe vipande tena kwa jina la maskini.

Sipendekezi hivyo. Ninachosema ni kidogo zaidi, na ndiyo maana kinaudhi: viwanja vya makazi, futi 50 kwa 100, mahali ambapo watu wamekaa kwa vizazi vitatu na ambapo hakuna mti wa kulinda. Landhi zilizokufa, yadi za kupakia magogo ambazo zimeota majani, vituo vya biashara vilivyo kati ya reli na barabara. Hilo halipunguzi msitu hata shina moja. Kwa kweli linaweza kuupunguzia mzigo. Mtu mwenye kiwanja anapanda mikaratusi yake nyuma ya nyumba na kuiuzia viwanda vya chai kama kuni. Mtu asiye na kiwanja anaingia msituni usiku, kwa sababu hana kwingine pa kuingia.

Na hapo mjadala wa Molo wa mwaka 2023 ungebadilika sura. Kufungua au kufunga msitu lingekuwa suala la wataalamu: miti ipi imekomaa, mteremko upi usiguswe, miche mingapi imepandwa na mingapi imeshika. Sasa hivi haiwezi kuwa hivyo, kwa sababu kila amri ya msitu ni amri ya mlo. Mwanasiasa analijua hilo vizuri mno. Anayeweza kuzima na kuwasha kiwanda ana kura za eneo zima mkononi, na hana sababu yoyote ya kuwaondolea watu hao utegemezi unaomlisha.

Shirika la Reli kwa kawaida hujibu kwamba ardhi yake inatunzwa kwa upanuzi wa baadaye. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Lakini njia iliyopangwa ya kuipeleka reli ya kisasa kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba inapita Narok, Bomet na Nyamira. Haipandi Mau ya Molo, wala haigusi Maji Mazuri na Timboroa. Reli ya zamani ya kwenda Malaba inahitaji ukanda wake, na ukanda huo uachwe na ulindwe. Yale maeneo ya pembeni, yaliyokuwa yadi za kuni na magogo, hayana injini ya kuyatumia wala mpango ulioandikwa. Bunge linaweza kuliomba Shirika ramani ya viwanja hivyo, stesheni kwa stesheni, kutoka Njoro hadi Londiani na kutoka Rongai hadi Ainabkoi, pamoja na orodha ya walioandikishiwa ardhi hiyo tangu mwaka 1977. Orodha hiyo ikisomwa hadharani, tutajua ni kiasi gani cha ardhi kilichobaki cha kuwapa wapasua mbao, na ni kiasi gani kilichokwisha kwenda kwa watu ambao hawajawahi kushika msumeno.